Betri ya Nyangau Ililala Jikoni

Hapa kwetu Nyansiongo, asubuhi baridi inakusalimu kabla ya watu. Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Nyakerario, anayeuza kahawa na kutuvumilia bure. Leo tulikuwa watatu: mimi, niitwaye Pasipoti kwa kuwa nililinda geti Doha miaka saba na sijaacha kusimulia; Mwalimu Thadeus, mstaafu asiyestaafu kuongea; na Nyangau, mbeba maziwa kwa pikipiki ya umeme. Pikipiki imemzimikia mlimani, akairudisha hapa na mitungi ya maziwa ya watu. Gari la maziwa linaondoka kule juu saa tatu. Betri tumeilaza katikati yetu kama mgonjwa.

NYANGAU: Ilisema asilimia arobaini. Kugusa mlima, zii.

THADEUS: Ni baridi. Betri ni kama ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, akinyeshewa anakataa kutoa maziwa.

NYANGAU: Baridi gani, Mwalimu? Miezi minne inalala jikoni, kando ya moto.

NYAKERARIO: Basi imezoea kungoja ugali.

MIMI: Joto halina shida. Doha unakaanga yai kwa lami na magari ya umeme yanakimbia.

THADEUS: Basi ni huu mwinuko wetu. Umeme ukifika huku juu umechoka.

MIMI: Ama umekwama upande mmoja. Tuipindue, uteremke.

Tuliipindua. Hata mimi niliona aibu kidogo.

Beverlyne, fundi wa sola kutoka Sironga, alikuwa anangoja kikombe chake. Akainama, akapapasa betri.

BEVERLYNE: Upande huu umebadilika rangi. Huu mwingine kama mpya. Uliwahi kuigeuza?

NYANGAU: Hapana. Huu ulikuwa kwa moto, ule kwa ukuta.

BEVERLYNE: Ndani kuna vibetri vingi, vinafanya kazi pamoja. Vya upande wa moto vimezeeka haraka. Vikiishiwa, vyote vinasimama, hata vile vimeshiba. Baridi ingekupunguzia mwendo tu, ukipata jua unarudi. Uzee haurudi.

Nyangau akaigeuza betri, akapapasa ule upande wa moto.

BEVERLYNE: Lakini kaka, nani alikwambia uilaze kwa moto?

Thadeus akachunguza kikombe chake. Nyakerario akapangusa meza iliyokuwa safi. Nyangau, Mungu ambariki, alitazama barabara tu, hakunitaja mimi niliyemwambia.

MIMI: Nyangau, mitungi iko mingapi?

NYANGAU: Miwili. Lita ishirini ishirini.

MIMI: Shika mmoja. Tukitoka sasa tutalipata gari.

Tulipanda ule mlima kwa miguu. Sikumsimulia chochote njiani.