Baiskeli ya Sir Inayokataa Mlima

Benchi letu liko Al Muraqqabat, mtaa wa Deira hapa Dubai, ubavuni mwa mkahawa mdogo wa chai ya maziwa, chini ya jengo ambalo Shem ndiye mlinzi wa maegesho yake. Mwenye mkahawa ametuachia kwa sharti moja, kwamba tukikaa tununue. Basi tunanunua chai moja, tunaiweka katikati mpaka inaota utando, huku tukinywa kahawa ya tangawizi anayokuja nayo Mzee Sulaiti kwenye chupa yake. Si jambo la uungwana, na mimi ndiye niliyepaswa kulikataza, maana ndimi wanayemwita Maalim. Lakini ualimu wangu ni wa kusoma dua mtu akisafiri, shule niliishia darasa la saba, na kahawa ya Mzee Sulaiti ni tamu kuliko chai ya pale. Ijumaa ile baada ya Alasiri tulikuwa watu watatu: mimi ninayefunga mizigo kwa wakala mmoja wa Deira, Mzee Sulaiti, Mzanzibari tunayemwita Kepteni, anayesafirisha giaboksi kuukuu za magari kwenda Unguja, na Shem, mtu wa Kakamega, tunayemwita Kamanda hata akivaa kandambili. Wa nne, Shakir wa Malindi, fundi baiskeli tunayemwita Spana, alikuja amechelewa, anasukuma baiskeli ambayo kiti chake kimefungwa nailoni.

Baiskeli yenyewe tulikuwa tumeisikia wiki nzima kabla ya kuiona. Ni ya milimani, ya bwana mmoja mteja wa duka lao, ambaye Shakir humwita sir tu. Baiskeli za milimani tulizozoea kuziona zina kundi la meno kwenye gurudumu la nyuma, na mkono mwembamba unaoning'inia chini yake, unaoirusha cheni kutoka jino hadi jino. Ile haikuwa na mkono. Katikati, pale pedeli zinapoingia, palikuwa na kisanduku cha chuma kimefungwa pande zote, gia zote zimo ndani zinaogelea kwenye mafuta, kama pikipiki. Kubadilisha, unazungusha mshiko wa mkono wa kulia. Sir aliinunua kwa sababu kule kwenye milima ya Hatta anakokwenda kuendesha, mawe yalishamvunjia ile mikono mara nyingi, na mchanga ulimmalizia cheni. Kisanduku hakina cha kuvunjwa na jiwe.

Lakini kila akirudi kutoka Hatta alikuwa na lalamiko lilelile. Kwenye mwinuko mkali, akitaka gia nyepesi, mshiko unakataa kuzunguka. Anaileta dukani, Shakir anaitundika kwenye stendi, anazungusha pedeli kwa mkono, gia zinaingia zote, nyepesi na nzito, bila kelele. Anamrudishia. Sir anakwenda Hatta, anarudi amenuna. Mara ya pili alimpigia simu arbab mwenyewe, tajiri wa duka.

Shakir aliiegemeza baiskeli ukutani, akakaa, akapokea kikombe bila kutushukuru, jambo ambalo si kawaida yake. Akatueleza kwamba gari la duka litapita kumchukua baada ya Magharibi, waipeleke baiskeli nyumbani kwa sir, Mirdif. Arbab amesema ikirudi mara ya tatu, Shakir atahamia bohari yao ya Dubai Investments Park, akafunge pedeli za baiskeli za watoto zinazotoka kwenye makatoni.

— Visa yangu imeandikwa fundi, alisema. Nyumbani Sumeiya amewaambia watu mume wake ni fundi. Nikienda kule mimi ni mfungua katoni.

Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa pembe sita, mrefu, akauweka juu ya benchi karibu na ile chai. Alikuwa amekusudia kukifungua kisanduku palepale mbele yetu. Dukani hawezi, maana kiwanda kimekataza: kisanduku kikifunguliwa na fundi wa nje dhamana inakufa, na arbab ameliandika hilo ukutani juu ya meza ya kazi. Lakini akikifungua akaona ubovu kwa macho yake, alisema, walau atajua anahukumiwa kwa lipi.

Mtu mwenye busara angeuchukua ule ufunguo akaukalia. Sisi tulianza kushindana nani anajua ugonjwa.

Shem alianza. Alisema ni joto. Dukani kuna kiyoyozi, chuma kimetulia. Hatta jua linapiga, chuma kinavimba, meno yanakabana. Yeye ameona geti la maegesho likikataa kufunguka mwezi wa Agosti, akalimwagia maji ya baridi likafunguka.

— Sasa hii si Agosti, alisema Shakir. Na anakwenda alfajiri.

— Msee, mawe ya Hatta huwa hayapoi. Yanalala na moto.

Mzee Sulaiti alicheka kwa pua. Giaboksi, alisema, ni kazi yake tangu Shem hajazaliwa, na ugonjwa wa giaboksi siku zote ni mafuta. Mafuta ya kiwandani yametengenezwa kwa nchi za baridi. Huku yanakuwa maji. Baiskeli ikiinama nyuma kupanda mlima, mafuta yote yanakimbilia upande mmoja, gia za mbele zinabaki kavu. Alituonyesha kwa kikombe chake, akakiinamisha mpaka kahawa ikamdondokea kanzu, na akalichukulia doa lile kuwa ushahidi.

Shem hakukubali kushindwa. Akasema basi ni kompyuta. Vitu vya siku hizi vyote vina kompyuta ndani, na hao wa kiwandani wakiona hujapeleka kwao kufanyiwa sevisi, wanakufungia gia kutoka hukohuko. Shakir akamwambia kile kisanduku hakina hata waya wa umeme, ni chuma na mafuta tu. Shem akasema hapo ndipo wanapowapata, kwa sababu waya hauonekani. Mzee Sulaiti naye, ili asiachwe nyuma, akasema milima ya Hatta ina madini ya sumaku, na kwamba mwenzake mmoja alipita kule na saa ya mkononi ikaanza kurudi nyuma. Nilimuuliza mwenzake yupi. Akasema ameshahamia Muscat.

Hapo na mimi nikafungua mdomo. Ningenyamaza ingekuwa heri yangu. Nilisema kwamba kitu cha thamani kama kile, kinachotazamwa na kila mtu barabarani, hakikosi jicho la hasidi, na kwamba pengine kingesomewa kwanza kabla ya kutiwa spana. Nililisema kwa sauti ya msikitini. Wote watatu wakanigeukia, nikajiona mkubwa. Sikuwa na elimu yoyote ya neno lile. Nilitaka tu na mimi niwe na nadharia yangu.

Shakir akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

— Kwa hivyo nifungue au nisifungue, Maalim?

— Soma bismillahi, ufungue, nikamwambia.

Akauchukua ufunguo. Alikuwa ameshachuchumaa, ameuchomeka kwenye bolti ya kwanza, ndipo akaja Eriya.

Eriya ni Mganda, mgeni, ndiyo kwanza ameanza ulinzi kwenye hoteli ndogo ng'ambo ya barabara. Alikuwa amefika mkahawani kununua chai, na ni yeye peke yake siku hiyo aliyenunua chai akainywa. Alisimama na kikombe chake cha karatasi, akamsalimia Mzee Sulaiti kwa kuinama kidogo kama wafanyavyo kwao, akauliza tunatengeneza nini. Shem akamweleza yote: Hatta, sir, mshiko unaokataa, mara mbili imerudi, stendi, joto, mafuta, sumaku, jicho. Eriya alisikiliza mpaka mwisho.

— Na wewe fundi, ukiipanda inakataa wapi?

Shakir akainua uso.

— Hatupandi, alisema. Baiskeli ya mteja haipandwi. Tunaijaribu kwenye stendi.

Akaeleza sababu. Kuna fundi mmoja kabla yake alizungushazungusha baiskeli ya mteja nje ya duka, akaanguka nayo, ikakwaruzika, na tangu siku hiyo ni marufuku kiti cha mteja kukaliwa. Ndiyo maana kila baiskeli ikiingia dukani kiti hufungwa nailoni, na haitoki mpaka mwenyewe aitoe. Mafundi wote wa pale wamezoea hivyo, na wengine wanajisifu kwamba fundi wa kweli anaijua baiskeli kwa mkono.

— Lakini kwenye stendi si hakuna mtu juu yake? Eriya akauliza.

Tukamtazama Shakir. Shakir akautazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake, akauchomoa kwenye bolti bila kuuzungusha.

Mlima Deira hakuna, ila kuna kinjia cha maegesho ya Shem, kinachoshuka chini ya jengo, kikali kiasi kwamba magari madogo hupanda yakinguruma. Shem alivaa sauti yake ya ukamanda, akampigia simu mwenzake wa zamu kwamba kuna ukaguzi. Mzee Sulaiti alisema kama ni kuanguka aanguke Shakir mwenyewe, baiskeli tutaidaka. Shakir akapanda, nailoni ikilia chini yake kila alipojigeuza, akateremka mpaka chini, akageuka, akaanza kuja juu.

Alikuja amesimama juu ya pedeli, mishipa ya shingo imemtoka. Katikati ya mwinuko alizungusha mshiko. Ukakataa. Tuliona mkono wake ukisukumana na kitu kisichosogea. Akasukuma tena, akaishiwa pumzi, miguu ikalegea, na pale pale, baiskeli ikitaka kusimama, mshiko ukazunguka wenyewe kama mlango usiofungwa.

Akashuka, akaishika breki. Kisha akateremka tena. Safari hii alipofika katikati aliilegeza miguu kwa makusudi, kitambo cha kupepesa jicho, akazungusha, gia ikaingia, akaendelea kupanda mpaka miguuni petu. Akarudia. Akarudia tena. Mwenzake Shem alitoka kibandani akauliza ukaguzi huu ni wa nini.

Shakir alipokaa benchini jasho lilikuwa linamtiririka, lakini uso ulikuwa umerudi kuwa wake. Alitueleza taratibu, na nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe pia. Baiskeli ya cheni na mkono haibadilishi gia mpaka uwe unakanyaga. Cheni lazima iwe inakwenda ndiyo iruke. Ya kisanduku ni kinyume chake. Inabadilisha hata ikiwa imesimama kabisa, lakini ukiikandamiza kwa nguvu zote, meno ya ndani yamebanwa na hayaachiani kwenda kwenye gia nyepesi. Inataka upumue kidogo tu. Sir ni mtu mwenye nguvu, amezoea miaka mingi baiskeli za mkono, na mlimani anakanyaga kama anayeua nyoka. Baiskeli haina ugonjwa.

— Alhamdulillahi, nikasema. Khalas. Mwambie hivyo.

Hakuna aliyeniunga mkono. Shakir aliufuta uso kwa kitambaa cha kichwani, akasema sir alipompigia arbab alisema yeye anaendesha baiskeli tangu kabla ya duka lile kujengwa, na hahitaji kufundishwa na mtu. Arbab akamwitikia ndiyo sir, ndiyo sir. Sasa aende Mirdif, mfanyakazi, asimame mlangoni, amwambie bwana yule kwamba kibovu ni miguu yake.

— Hilo hulisemi, yakhe, alisema Mzee Sulaiti. Sikiliza. Mwambie umemtilia mafuta mapya. Mafuta hayo yanataka kukaa kwanza. Kwa hiyo mpaka yakae, kila akibadilisha gia mlimani alegeze miguu. Atalegeza, itaingia, atafurahi. Wewe una kazi yako, yeye ana heshima yake.

Shem alimpigia Kepteni saluti. Mimi nilipaswa kusema kwamba huo ni uongo, na kwamba kumwambia mtu umetia mafuta ambayo hukutia ni jambo la kuulizwa kesho akhera. Sikusema. Nilikuwa nimeona jinsi Shakir alivyoushika ule ufunguo, nikakumbuka kwamba ni mimi niliyemwambia afungue, nikataka jambo lile liishe salama kwa njia yoyote. Nilikwenda mbali zaidi. Nilimshauri akimaliza kusema atie inshallah, maneno yapate uzito.

Shakir akalijaribu. Akasimama, akaifunga mikono mbele kama anavyosimama mbele ya sir.

— Sir, nimetia mafuta mapya. Mpaka yakae, ukibadilisha gia legeza miguu kidogo. Yakikaa, inshallah...

Hakujua amalizie vipi. Tukamwambia imetosha, hapo hapo inatosha. Mzee Sulaiti akamimina kahawa ya mwisho ya kumpongeza, nusu kikombe.

Eriya alikuwa bado amesimama, kikombe chake cha karatasi kimekwisha.

— Na mafuta yakishakaa? akauliza.

Aliuliza kwa wema kabisa, kama mtu anayetaka kujua. Mzee Sulaiti akaanza kusema kwamba mafuta mengine huchukua muda mrefu sana kukaa, akaiacha sentensi njiani. Mimi nilitafuta kitu cha kusema, na kilichonijia ni ile inshallah tu niliyompa Shakir, nikaona haya kuirudia.

Kutoka msikitini kukasikika adhana ya Magharibi. Mimi na Shakir tukaenda kuswali, Mzee Sulaiti akatangulia kuchukua udhu, Shem na Eriya wakabaki na baiskeli. Tuliporudi gari la duka lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi. Shakir hakulikimbilia. Aliinama kwenye kiti cha baiskeli, akaichana ile nailoni, akaiondoa yote, akaifinyanga na kuitia kwenye pipa.

— Kwa sir kuna mwinuko wa kuingilia gereji, alisema. Nimeuona. Nitamwambia sijatia mafuta wala sijafungua kitu. Nitamwambia nimeikalia baiskeli yake, hilo aanze nalo. Halafu nitaupanda mbele yake, kwa kukandamiza na kwa kulegeza, kisha nitampa apande mwenyewe.

— Na akikasirika? Shem akauliza.

— Nitakuwa nimekasirikiwa nikiwa fundi.

Akanipa ule ufunguo wa pembe sita nimshikie mpaka Ijumaa nyingine, akaiingiza baiskeli garini kwa mikono miwili, wakaondoka. Tukakaa. Eriya alipewa nafasi kwenye benchi, pale alipokuwa Shakir, na alikuwa bado anatutazama mmoja mmoja, anangojea jibu lake la mafuta. Mzee Sulaiti aliinua chupa, akaitikisa karibu na sikio, akaifunga kifuniko. Basi nikaivuta ile chai ya katikati, baridi, yenye utando, nikaanza kuinywa.