Kichwa Ambacho Borghild Hakukiosha

Marehemu Borghild Tveiten alizaliwa Voss tarehe 3 Machi 1939, mtoto wa kwanza wa Mzee Knut na Mama Ingebjørg. Baba yake alikuwa bingwa wa kuandaa vichwa vya kondoo kwa mlo wa kabla ya Krismasi. Alivibabua manyoya, akavipasua katikati, akatoa ubongo, kisha akavitia chumvi. Borghild alipewa kazi ya kuosha pua. “Osha mpaka maji yatoke meupe, binti,” baba alisema. “Pua chafu mezani ni aibu ya ukoo mzima.” Naye aliosha. Hakuna aliyeosha kama yeye.

Alisoma hapahapa Voss hadi mwaka 1957. Wenzake wanamkumbuka kwa siku alipoitwa mshamba na msichana mgeni kutoka Oslo. Borghild alichukua jicho la kondoo sahanini, akalitafuna polepole, akamwambia, “Haya, sasa nakuona vizuri zaidi.” Yule msichana alihama meza.

Mwaka 1961 aliajiriwa katika maabara moja ya Bergen, na sababu ni vichwa hivyohivyo: aliweza kufungua fuvu la mwanakondoo bila kuugusa ubongo. Tarehe 20 Juni 1964 alifunga ndoa na Torleiv, fundi wa reli, mtu mpole asiyejua kunyamaza. Tarehe 9 Mei 1966 walijaliwa binti, Åsne.

Åsne alizaliwa na maji kichwani. Kichwa kilikua wiki baada ya wiki, macho yakashuka kama jua linalozama. Madaktari walijaribu kuweka mrija, ukaziba. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1966, akiwa na miezi minne na siku ishirini na tatu. Borghild aliihesabu mwenyewe, na alitaka isomwe hivyo.

Aliporudi kazini Januari, alimwuliza mkuu wake, Profesa Kleppe, swali moja tu: “Haya maji ya ubongo, kwa mtoto mwenye afya, hutoka kichwani kupitia wapi?”

“Kwa mtu mzima tunajua,” profesa alijibu. “Kwa mtoto mchanga zile njia za kuyatoa hazijakomaa. Kusema kweli, dada Borghild, sijui.”

“Basi tutafute.”

Wakatafuta. Wafugaji waliwapa wanakondoo waliokufa wakizaliwa. Borghild alisukuma rangi ya buluu ndani ya kichwa, taratibu, tone kwa tone, akasubiri, akakiosha, kisha akapasua kuona rangi imekwenda wapi. Kwa miaka kumi na miwili rangi haikwenda popote. Nyumbani hakuweza tena kuvumilia bomba linalotiririka. Alinawia kwenye beseni. Torleiv alitania kwamba ameoa paka, lakini yeye hakucheka, kwa kuwa katika sauti ya maji alikuwa akimsikia mtoto. Mwanawe Sjur, aliyezaliwa mwaka 1969, alikua akidhani kila nyumba iko hivyo.

Tarehe 6 Desemba 1979 simu ililia maabarani: Mzee Knut ameaga dunia. Borghild alivua glavu, akakimbilia treni, akaacha kichwa mezani bila kukiosha. Aliporudi baada ya mazishi alikifungua kilivyokuwa. Rangi ya buluu ilikuwa imefuata mishipa ya kunusia, imepenya vitundu vya ule mfupa ulio kama chekecheo juu ya pua, imeingia puani, na kutoka hapo ikashuka shingoni kwa vijishipa vyembamba kama uzi.

“Imevuja tu,” alisema Kleppe. “Kuna mahali hukuziba vizuri.”

“Nimeziba.”

“Basi rudia.”

Alirudia mara ishirini, bila kuosha. Mara ishirini ilikuwa puani. Profesa alifurahi kama mtoto, akaagiza keki. Borghild alikwenda kuketi kwenye ngazi. Alikumbuka kwamba miaka yote ile maji ya kuoshea pua yalitoka ya buluu, naye akidhani ni rangi iliyomdondoka mkononi. Aliosha mpaka yakatoka meupe, kama alivyofundishwa.

“Vichwa mia mbili na kumi na nne, Torleiv,” alisema usiku ule. “Jibu lilikuwa mkononi mwangu, nikalimwaga kwenye sinki.”

“Åsne alikuwa ameshaondoka, mke wangu.”

“Wa kwangu, ndiyo. Na wa wenzangu je?”

Swali hilo lilikaa nao mezani hadi Torleiv alipofariki mwaka 2011. Borghild alistaafu mwaka 2002. Desemba hakula kichwa tena, na majirani walidhani ni meno.

Mwaka jana alianza kuugua moyo, na mwili ukavimba maji, miguu kwanza. “Yamenirudia,” alisema, wala hakuwa akitania. Alilazwa Voss tarehe 4 Novemba 2024. Jioni ya tarehe 17 alikuwa na mpwa wake Ragnhild, anayewasomea haya. Chumba kilikuwa kimya.

“Nani anaosha?” aliuliza.

“Hakuna mtu, shangazi. Bomba limefungwa.”

Alisikiliza kwa muda mrefu. Macho yalikuwa wazi, na alikuwa anaogopa. Tusiseme uongo kanisani.

“Mwambie aache,” alisema. “Mwambie asioshe.”

“Ameacha, shangazi.”

“Ameangalia rangi?”

“Ameangalia.”

Alifumba macho, akafariki saa moja na dakika kumi, akiwa na miaka themanini na mitano.

Ameacha mwana mmoja, Sjur, mkwe, wajukuu wawili na kaka yake Odd. Analazwa leo kando ya Åsne, aliyemsubiri miaka hamsini na minane. Baada ya hapa karibuni kwa kahawa. Na wewe Borghild, mikono yako ipumzike sasa. Ulale kwa amani.