Jiko Litangulie Kutoka

Generosa, niinulie mto nilione tundu la chiriku pale barazani, kisha mnisikilize nyote, bhana bhane, wanangu, kwa maana pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana na mtu.

Nyumba hii ya Kahama ni ya Maduhu, aliyebaki kunitunza. Shamba la mpunga ni la Generosa, na asije mtu akasema binti harithi. Jirani Onesmo, aliyeziba njia ya ng'ombe wetu, mwacheni. Nimemsamehe, ingawa bado ananiudhi.

Sasa ndege. Marehemu mama yenu aliniletea chiriku hawa nilipotoka shimoni kuchimba dhahabu, kifua kimejaa vumbi la mwamba, akasema, "Mzee, angalau usikie sauti nyingine mbali na kukohoa kwako." Kila jike lilipokaribia kutaga nilitengeneza visanduku vya viota kwa mbao safi, nikavimwagia maji ya moto, nikavianika mpaka vinuke mti mtupu, nikatandika majani makavu, nikavitundika pasipo na upepo.

Safari hii mikono imenikataa, Maduhu, ukanitengenezea wewe, na misumari ulipiga vizuri, mwanangu. Lakini mbao ulizitoa mwaloni, zile za kuoshea udongo wa dhahabu, zilizokunywa zebaki miaka yote. Jike liliingia likatoka, likaingia likatoka, mwishowe likataga kwa kukosa pengine. Makinda yakaanguliwa, yakatetemeka, yakafa yote. Mkasema ni baridi. Baridi gani, Kahama hii?

Ndipo nikamtazama mkeo Eunice akinimiminia chai, kikombe kinagonga sahani kwa kutetemeka, na tumbo lake hilo limeshakuwa kubwa. Maduhu! Unachomea dhahabu iliyoshikana na zebaki jikoni, kwenye jiko analopikia, mlango umeufunga majirani wasijue umepata, na moshi wa zebaki unakwenda wapi kama si kifuani mwake? Mchuma janga hula na wa kwao. Nimesema tangu masika, unacheka, eti wachimbaji wote wanachoma na wanazaa. Naogopa, mwanangu. Shimo lilipotufukia sikuogopa hivi.

Eunice, umenyamaza kwa kutuheshimu mimi na mumeo. Heshima hiyo nimeipokea, sasa iache. Nenda na Generosa hospitali ya Kolandoto, mkawaambie habari ya zebaki bila kuficha. Na visanduku vile msivitie moto, moshi wake ni uleule; vifukieni mbali na kisima.

Wosia wangu wenyewe ni huu. Nikikata roho, maiti yangu isivuke kizingiti kabla jiko hilo na vyombo vyake vya kuchomea havijatangulia kutoka. Hata nikilala humu mpaka ninuke. Waombolezaji wakiuliza, waambieni mzee amekataa. Najua, Maduhu, huwezi kumwacha baba yako ndani.

Eunice, sogea... nipe maji, mate ya baraka yamenikauka. Nakutemea hapo, tumboni. Azaliwe akilia kwa nguvu, ale, akue, azike wazee wake. Generosa, ubarikiwe kwa kunigeuza kitandani. Maduhu... nawe nakubariki, kichwa kigumu wewe, nakupenda.

Macho yamezima. Masikio bado. Maduhu, nyanyuka, lichukue jiko... nasubiri... mlango... mbona sijausikia mlango?