Maisha ya Proscovia Nalwadda, Aliyeambiwa Anenepe na Kisha Apungue

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ya Mzee Kaggwa naomba utulivu, nanyi mlioketi chini ya turubai la upande wa mume naomba msikilize, ili maisha ya dada yetu yasomwe kama yalivyokuwa, si kama mlivyoyanong'ona tangu jana, kwamba alijiua kwa kujinyima chakula.

Marehemu Proscovia Nalwadda alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 hapa Kalisizo, akasoma hapa hadi 1997, kisha akaenda shule ya bweni Masaka, ambako kila mwezi alianguka darasani kwa maumivu ya tumbo, na kwa kuwa alikuwa mwembamba, muuguzi wa shule alimwambia, "Binti, kula matoke, mwili ukijaa hayo yataisha."

Mwaka 2006 aliajiriwa na kiwanda cha kukoboa kahawa, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu.

Tarehe 22 Agosti 2009 alifunga ndoa na Bwana Lutaaya, aliyepo hapa, na mama mkwe akasema mbele ya wageni, "Gauni la gomesi naliona, bibi harusi yuko wapi?" Miaka minne alishindiliwa maziwa na samli, lakini mimba haikuja wala maumivu hayakuondoka.

Mwaka 2014 ndipo ugonjwa ulipopata jina, endometriosisi, yaani nyama inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake, akapewa sindano, zikamnenepesha, na maumivu yaliporudi daktari mwingine, bila hata kumgusa, akamwambia, "Mama, punguza kilo kwanza, ndipo uje ulalamike." Akajinyima kweli, huku akitapika kwa uchungu, hadi Juni 2016 Bwana Lutaaya alipomshusha mlangoni petu akisema, "Mlinipa mwembamba, nawarudishia mnene, mnadai nini tena?"

Mwaka 2019 Daktari Birabwa wa Kampala alimpasua, akakuta ugonjwa umeganda kwenye utumbo, akamwambia, "Mama, wembamba huonekana nao zaidi, lakini wanene nao unawapata, na si kula wala kujinyima kulikouleta. Umechelewa kutibiwa kwa sababu kila mtu alikutazama kwa nje." Dada alilia, akasema, "Kumbe sikukosea kitu."

Jumapili, tarehe 4 Februari 2024, utumbo uliziba na kupasuka, akafariki akiwa katika chumba cha upasuaji.

Hakujaliwa kuzaa, ila alimlea Nakitende, binti wa marehemu kaka yetu, mwenye miaka kumi na minne.

Tunamshukuru Daktari Birabwa, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wa kiwandani waliombeba mgongoni siku alizoshindwa kutembea. Wengine mnajijua, hatuna neno la shukrani kwenu.

Mmeuliza Nakitende yuko wapi, mtoto gani asiyemzika mama yake. Ameanza kuumwa tumbo vilevile, na leo ndiyo siku yake ya kuonwa na daktari Kampala. Marehemu aliagiza akiwa kitandani, "Asiikose kwa mazishi ya mtu yeyote, hata yangu."

Kapumzike, Nalwadda. Mtoto amekwisha kuingia kwa daktari.