Mhandisi Wankyo na Alama Zisizosubiriana

Tarehe 30 Juni, Mhandisi Wankyo Makongoro anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha mawasiliano, Musoma. Nimeombwa nieleze alichofanya. Nitajaribu, ingawa nimekaa naye miaka sita na bado kichwa kinaniuma.

Alianza kwa kupanda minara kule Bunda, na watu wa Guta wakimwita fundi wa radi. Hapo naelewa kila kitu. Kisha akaenda masomoni, akarudi na wazo lake, na tangu siku hiyo nimepotea.

Kwa kawaida, picha za vipimo vya wajawazito hutumwa kwa redio kutoka zahanati hadi kwa daktari zikiwa zimekatwakatwa kuwa alama ndogondogo, na kila alama husubiri iliyotangulia iishe. Zahanati nazo hupeana zamu. Yeye akasema zisisubiri. Zahanati za Mugeta, Buhemba na Guta zikatuma kwa pamoja, kwenye masafa yaleyale, alama zikipandana, na mtambo wetu ukapiga hesabu kutenganisha ipi ni ya nani. Nilimwambia hiyo ni fujo. Akasema, "Fujo ukijua ilivyoanza, unaipanguaga tu, mdogo wangu. Nyumbani tulikuwaga tisa, tunaongea wote, na mama anamjibu kila mtu." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kasi iliongezeka, hilo halina ubishi. Nesi Ursula wa Mugeta, aliyezoea kungoja hadi chai ipoe, sasa akituma picha daktari anaiona mjamzito akiwa bado kitandani.

Tatizo, mvua ikinyesha hesabu huyumba, na aliyejua kuirekebisha ni yeye peke yake. Meneja wetu, Chrispin, akaamua kwamba asipopatikana mrithi, tunarudi kwenye kasi ya zamani. Nikachaguliwa mimi. Niliogopa, sitaficha. Nilimfuata kila kona na maswali. Akawa ananipa karanga na kuniambia nitazame skrini.

Mwezi Mei mvua kubwa ikapiga toka Mugeta hadi Buhemba, picha zikavurugika. Nilihangaika na mtambo huku nikimuuliza kupitia mlango uliofungwa wa chumba chake niongeze au nipunguze. Hakujibu. Nikadhani amekasirika, nikaendelea. Picha zikatulia, Ursula akapiga simu kushukuru. Nilipokwenda kumpasha habari, chumba kitupu. Tangu asubuhi alikuwa Butiama akipalilia mihogo, na Chrispin alijua.

Basi kasi inabaki. Nilifanyaje, sijui, na Mhandisi amegoma kuniambia.

Asante, dada Wankyo. Tunakutakia afya, shibe na usingizi wa kutosha. Chrispin amenikabidhi funguo za chumba chako, nami bado nabisha hodi kabla ya kuingia.

Kwangu Shija, fundi mitambo