Nani Kaua Mtaa Wetu?

Benchi la Mama Kahawa limeegemea ukuta wa duka lililofungwa, na duka hilo limepakana na jingine lililofungwa, hivyo hivyo mpaka kona. Wanaofanya kazi mtaani wamebaki watatu: Mama Kahawa na jiko lake la mkaa, kinyozi anayeitwa Wembe, na Fundi, mshona nguo, ambaye leo hajatulia tangu alfajiri. Mpwa wake, binti wa dada yake wa pekee, ni mwoka mikate, na anakuja kutazama chumba kitupu kilicho ubavuni mwa cherehani ya mjomba wake. Akikipenda, mtaa utapata tanuri na Fundi atapata mtu wa damu yake wa kumjulia hali kila asubuhi. Asipokipenda, Fundi ameshaamua moyoni kwamba naye atafunga, akapumzike.

— Jamani, nawaomba kitu kimoja tu, alisema Fundi. Akija, tuchangamke. Aone mtaa uko hai.

— Ondoa shaka, alijibu Bwana Mipango, mzee aliyestaafu kazi ya manispaa lakini hajastaafu kusema. Ila akiuliza kwa nini maduka yamefungwa, tuwe na jibu moja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana benchi lile halijawahi kuwa na jibu moja hata kwa swali la leo ni siku gani.

— Jibu linajulikana, alisema Wembe. Walihamisha kituo cha mabasi kwenda ng'ambo ya barabara kuu. Wateja wakapanda basi, wakapotea.

— Kituo gani! Bwana Mipango alimkata kauli. Tatizo ni taa. Taa ya pale kona ilizimika, mwenye duka la dawa akaanza kufunga mapema. Wa vyombo akaona ataachwa peke yake gizani, naye akafunga. Giza likasogea mlango kwa mlango.

— Na wewe si ulikuwa manispaa? aliuliza Wembe. Mbona hukuiwasha?

— Mimi nilikuwa idara ya miti.

— Miti yenyewe iko wapi?

— Ndiyo maana nilistaafu.

Mama Kahawa alicheka mpaka akamwaga kahawa kidogo, akaitazama ilivyokuwa inateremka barabarani.

— Mnaona? Mtaa umeinama! Maji yanakimbilia barabara kuu, na wateja ni hivyo hivyo. Mtu anatoka kwake hana hili wala lile, miguu inajiteremkia yenyewe mpaka soko jipya la ng'ambo.

— Na kurudi je? aliuliza Fundi.

— Anarudi anapanda, kachoka, mizigo mikono miwili. Atanunua nini kwako huyo?

— Uongo mtupu, alisema Wembe. Kijijini kwetu ni tambarare kama meza, na kumekufa vilevile. Wamejenga madarasa mapya, wamepaka rangi, watoto hakuna. Vijana wote wamehama.

— Wamehama kwa kukosa kazi, alisema Fundi.

— Ni majogoo, kaka! Jogoo anawika ndoto haijafika hata nusu. Vijana wanakwenda mjini kutafuta usingizi.

— Basi wangehamia hapa, alisema Mama Kahawa. Sisi tunasinzia mpaka mchana.

— Mtaniheshimu siku moja, alisema Bwana Mipango. Nimesikia mtaa huu utafufuliwa. Watapaka kuta rangi, wataweka viti vya zege.

— Viti vya kukalia nani? aliuliza Wembe.

— Sisi.

— Sisi si tumeshakaa?

Fundi alicheka na wenzake, lakini jicho lake halikutoka njiani. Alitaka kuwanyamazisha, asijue aanze na yupi. Wembe tayari alikuwa amesimama, kidole juu.

— Mtaa huu umekufa, na leo nitawaambia aliyeuua!

— Shikamooni, ilisema sauti nyuma yake. Ameua nani?

Wembe alikaa kama aliyekatwa miguu.

— Marahaba, mwanangu! Fundi alimrukia mpwa wake kwa furaha. Hakuna aliyekufa. Ni maneno ya kahawa tu.

Binti alitabasamu. Alikuwa amekwisha kuchungulia chumba kupitia dirishani na kuugonga ukuta kwa vifundo vya vidole.

— Ukuta mnene, mjomba. Utatunza joto vizuri. Nimekipenda.

Fundi alihisi machozi yanamlengalenga. Akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo wa chumba.

— Ila niambieni ukweli, alisema binti. Watu wa hapa wananunua vya hapa?

— Aaa, sana! walijibu wote kwa pamoja.

— Sisi tunainuana wenyewe kwa wenyewe, aliongeza Bwana Mipango.

— Ng'ambo hata njia hatuijui, alisema Wembe, akitia chumvi isiyohitajika.

Binti akanyoosha mkono kuupokea ufunguo, na kwa mkono wa pili akaupapasa mkono wa shati la mjomba wake.

— Shati limekupendeza kweli. Umelishona lini?

Wembe akaanza kuchunguza kikombe chake, Mama Kahawa akapuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu. Shati lile Fundi alilinunua jana katika soko jipya, ili apendeze mbele ya mpwa wake. Na wenzake wote watatu walilijua hilo, kwa sababu walikutana naye huko huko, kila mmoja na kikapu chake kimejaa.

Aibu ilimpanda Fundi mpaka masikioni. Akaufumbata ufunguo.

— Mjomba? aliuliza tena binti, kiganja bado kimenyooka.