Gauni la Mlangoni

Kijiwe chenyewe kilikuwa mbele ya duka la Fundi Cherehani: benchi moja refu lililoshikizwa kwa tofali, birika la kahawa jikoni, na mlangoni gauni la mfano. Fundi hakutaka mabango. Kila mwezi alishona gauni moja kwa vipimo vya sanamu yake ya plastiki, kisha bintiye wa miaka kumi na sita alilivaa na kupita mbele ya benchi ili wateja waone nguo inavyotembea. Likimbana, benchi zima lilicheka: "Kibonge, vifungo vinalia!" Jina hilo walimpa wao, kwa mapenzi, kama wanavyojua wao mapenzi. Asubuhi hii Kibonge alianguka bombani, ndoo ikamwagika, na aliyembeba hadi nyumbani, nyuma ya duka, alisema ndoo ilikuwa nzito kumshinda. Sasa yuko ndani nyuma ya pazia, na baba yake yuko nje, tepu ya kupimia shingoni, mshipa wa kipaji umemsimama.

— Minyoo hiyo, alisema Breki, dereva mstaafu asiyejua kusimamisha mdomo. Mtoto anakula, minyoo inashiba.

— Nimempa dawa ya minyoo mara mbili!

— Basi mpe ya tatu. Minyoo ya siku hizi sugu.

Profesa, fundi redio na simu, alipuliza kahawa yake kama mtu anayesubiriwa.

— Minyoo wapi? Simu! Miale yake inayeyusha mafuta ya mwili. Mimi nazifungua kila siku, najua kilichomo.

— Mbona wewe unazishika kutwa na kitambi kiko palepale? alisema Breki.

— Mwenzio navaa glavu.

— Glavu mkononi, kitambi tumboni! Acha uongo, mzee mzima.

Breki hakutaka kushindwa. Alisogea, akashusha sauti.

— Fundi, usinikasirikie. Ni hiyo sanamu yako. Tangu uilete, binti anakwisha. Haina damu, inamnyonya yeye.

Fundi alisimama, kikombe kikaruka.

— Plastiki imnyonye mwanangu? Breki, una akili wewe au umebakiza usukani tu kichwani? Mtu anaumwa, nyinyi mnaleta michezo! Mmekunywa kahawa hapa miaka kumi, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema neno la maana!

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamke aliyekuja kuchukua sare yake ya uuguzi.

— Samahani, kaka Fundi. Nina swali dogo tu. Mara ya mwisho kumwona akila, akatafuna na kumeza, ilikuwa lini?

— Jana tu! Breki alidakia. Alituletea viazi hapahapa, vitamu hivyo!

— Alikula?

— Tulikula... sisi.

Profesa alichungulia kikombe chake kitupu. Muuguzi akamgeukia baba.

— Mimi ndiye baba yake, Fundi alifoka. Anapika kila siku! Anapakua, anachukua sahani yake, anakwenda...

Hapo akageuka kulitazama pazia. Anakwenda nyuma ya pazia. Sahani inarudi nyeupe. Kisha maji yanamwagwa bafuni muda mrefu, kufunika sauti ya kutapika. Sweta mchana wa jua kali. Nywele kwenye kitana, fungu zima. Yote aliyaona, akayaita usichana. Na kiuno cha gauni alikibana mara tatu, kwa mkono wake, akijisifu kwa wateja: "Tazameni, sasa ananipendezea!"

— Ni ugonjwa, alisema muuguzi. Hajidekezi. Akijitazama anaona mwili mnene, hata mifupa ikitokeza. Ukichelewa, moyo unachoka. Ukiwahi, wanapona.

— Na nani kamtia ugonjwa huo? Breki aliuliza kwa ukali.

Macho yalikwenda mlangoni, kwenye gauni, maana wote walikuwa wameketi palepale kila alipopita.

Sauti nyembamba ikatoka ndani:

— Baba, gauni la mwezi huu bado linanipwaya kiunoni. Utabana tena?

Fundi alivua tepu shingoni, akaitupa chini. Aliling'oa gauni la mlangoni, la mwezi uliopita, hanga ikabaki ikiyumba.

— Livue hilo, mwanangu. Vaa sweta lako. Tunakwenda hospitali na dada muuguzi.

Pazia lilisogea kidogo. Vidole vyembamba, kucha za samawati.

— Kwani nimenenepa, baba?

Breki alifungua mdomo. Lililomjia ulimini ni jina lilelile la kila siku. Fundi akamkazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu benchi hilo liwekwe tofali, Breki akafunga mdomo bila kusema kitu.